Kutandika Sakafu ya Laminati Juu ya Zege: Mwongozo Kamili

Nyumba zetu nyingi zina sakafu ya zege: jamvi lililomwagwa juu ya mawe na moramu, likapigwa niru, pengine likatiwa rangi nyekundu na kung'arishwa kwa nta. Ni msingi mzuri kwa laminati kwa sababu haubonyei wala haulii ukikanyagwa. Lakini zege hunywa maji, huyahifadhi, kisha huyaachia polepole kwa miezi kadhaa, na sehemu kubwa ya mvuke huo hupanda juu. Laminati nyingi zinazovimba kwenye maungio, au zinazoinuka katikati ya sebule zikawa zinacheza chini ya mguu, zimeunganishwa na fundi anayejua kazi yake. Kilichokosekana ni ukaguzi wa chini na nafasi ya pembeni. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye kazi ya kabla ya ubao wa kwanza.

Kwanza ijue mali yenyewe. Ndani ya ubao wa laminati kuna unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi na joto. Juu yake kuna karatasi iliyochapwa sura ya mbao, kisha tabaka gumu la melamini lenye chembe za oksidi ya alumini, ambalo ndilo linalozuia mikwaruzo. Chini kuna karatasi nyingine ya kusaidia ubao usijipinde. Uso unavumilia maji kwa muda. Kingo ni unga mtupu, na ukishavimba haurudi hata ukauke kabisa.

Jambo la pili ni kwamba sakafu hii inaelea. Haigundishwi kwenye zege, haipigwi msumari wala skrubu. Mbao zinashikana zenyewe kwa zenyewe, ulimi wa ubao mmoja ukiingia kwenye mfereji wa mwingine na kujifunga kama kufuli, na sakafu nzima inatanuka na kusinyaa kama kipande kimoja kadiri hewa inavyobadilika. Kila mahali utakapoibana, itatafuta pa kutokea.

Je, chumba kinafaa?

Chumba cha kulala, sebule, ofisi, duka la nguo: sawa. Bafu na choo: hapana, hata kama boksi limeandikwa kwamba ubao hauogopi maji. Jikoni, kwa mapishi yetu ya masufuria makubwa na uoshaji wa vyombo vingi, mimi nashauri vigae.

Kwa chumba cha chini, chunguza kuta kabla ya sakafu. Rangi inayobanduka kwenye nusu mita ya chini ya ukuta, chumvi nyeupe inayotoka kwenye plasta, harufu ya uvundo chumba kikifungwa siku mbili, kapeti lenye ukungu upande wa chini: hizo ni dalili kwamba maji yanapanda kutoka ardhini. Jamvi lililojengwa vizuri huwa na nailoni nzito chini yake, lakini nyumba nyingi za zamani hazina, na nyingine mpya ziliwekewa nailoni iliyotobolewa na mawe siku ileile ya kumwaga zege. Nailoni utakayotandika wewe juu ya zege inazuia mvuke. Haiwezi kushindana na maji yanayosukuma kutoka chini. Ukiona dalili hizo, tibu chanzo kwanza, yaani mifereji ya mvua, bomba linalovuja, au udongo uliopandishwa nje hadi kuzidi kimo cha jamvi. Ikishindikana, weka vigae na uachane na laminati. Ni afadhali kumwambia mwenye nyumba neno hilo mapema kuliko kupokea pesa yake.

Ghorofani hakuna maji ya ardhini, ila angalia bafu la jirani na mabomba yaliyopita ndani ya zege.

Halafu mchwa. Kwao laminati ni chakula tu. Kagua kona, nyuma ya fremu za milango na kwenye nyufa za jamvi. Ukiona njia zao za udongo, mwite mtu wa dawa kabla ya kununua chochote. Nyufa zibe kwa sementi.

Kupima unyevu

Watu wengi wanasema zege likifikisha siku 28 liko tayari. Siku 28 ndiyo muda unaotumika kupimia nguvu ya zege, na ukavu ni habari nyingine. Kanuni ya kukadiria wanayoitumia mafundi wa sakafu ni wiki moja kwa kila sentimita ya unene kwa sentimita 4 za kwanza, kisha wiki mbili kwa kila sentimita inayozidi hapo. Jamvi la sentimita 10 linahitaji basi wiki 4 na wiki 12 nyingine, jumla wiki 16, na hiyo ni pale hewa inapopita vizuri. Pwani wakati wa masika huchukua zaidi. Niru iliyopigwa ikang'aa nayo inachelewesha, maana imeziba vinyweleo vya juu.

Baada ya kukadiria, pima. Kata vipande vya nailoni isiyo na rangi, nusu mita kwa nusu mita. Safisha zege hadi vumbi liishe, laza kipande, bandika tepu kingo zote nne bila kuacha upenyo. Weka angalau vipande vitatu: katikati ya chumba, karibu na ukuta wa nje, na karibu na ukuta unaopakana na bafu. Viache siku mbili hadi tatu. Ukirudi, piga magoti na utazame kwa tochi ya simu kabla hujabandua. Matone madogo yakiwa yamejipanga upande wa ndani, zege bado linatoa maji. Kisha bandua na ulinganishe rangi: zege la chini ya nailoni likiwa jeusi zaidi kuliko la pembeni, maana ni ileile.

Jaribio hili linakupa "hapana" ya uhakika, lakini "ndiyo" yake si ya uhakika sana. Sakafu iliyotoka kavu mwezi wa tisa inaweza kuwa na habari nyingine mwezi wa nne. Kwa kazi kubwa, kama ofisi nzima, tafuta mtu mwenye kipimo cha kabaidi, yaani kifaa cha kupimia unyevu ulio ndani ya zege. Kiwango kinachokubalika sana kwa sakafu ya sementi ni kisichozidi asilimia 2.

Usawa

Chukua rula ya aluminiamu ya mita 2, ilaze juu ya sakafu, izungushe kila upande, chumba kizima. Mwanga unaopita chini yake ndio unaokuonyesha bonde. Kinachoruhusiwa kwa kawaida ni milimita 3 ndani ya mita hizo 2. Kama huna kipimo cha kuingiza chini ya rula, kadi nne za benki zikibebana zina unene wa karibu milimita 3: zikipita, bonde limezidi. Zungushia chaki.

Mteremko wa chumba kizima hauna tatizo kubwa, mradi uwe umenyooka. Kinachoua laminati ni mawimbi: kila unapokanyaga juu ya bonde, ubao unazama kidogo na kufuli linapinda, hadi siku moja ulimi unavunjika.

Vilima visage kwa grainda yenye diski ya almasi ya kusagia zege, ukiwa umevaa barakoa na madirisha yako wazi, kwa sababu vumbi la zege linaharibu mapafu. Mabonde yajaze kwa mchanganyiko wa kusawazishia sakafu unaouzwa kwa mifuko. Hapo ndipo sakafu ile nyekundu ya nta inapohitaji uangalifu. Laminati yenyewe haijali nta wala rangi, kwa kuwa haigundishwi. Lakini mchanganyiko wa kusawazishia hautashika juu ya nta. Utatoka kama ganda. Kwaruza sehemu hiyo hadi zege tupu lionekane, paka kishikizi chake (praima), ndipo umwage. Ukikauka, rudia kipimo cha nailoni hapohapo, maana umeongeza maji mapya. Mwisho fagia, kisha fagia tena. Kokoto moja chini ya ubao utaisikia kila siku.

Kununua

Kwenye boksi tafuta herufi AC na namba, ambayo ni daraja la uso kuhimili mikwaruzo na kukanyagwa. AC3 inatosha chumba cha kulala na sebule ya familia ndogo. Sebule yenye watoto na wageni wengi, korido au ofisi ndogo, chukua AC4. Duka lenye watu wengi, AC5. Unene ni jambo tofauti: ubao wa milimita 12 unatulia zaidi mguuni na una sauti nzito, lakini kwa kuhimili mikwaruzo hauuzidi ule wa milimita 8 wenye AC ileile. Mimi nisingenunua chini ya milimita 8 kwa sakafu ya zege.

Hesabu eneo, ongeza asilimia 8 hadi 10 ya vipande vitakavyokatwa. Chumba cha mita 4.2 kwa 3.5 ni mita za mraba 14.7, ukiongeza, unafika karibu 16. Boksi la mbao 8 za sentimita 138 kwa 19.3 lina mita za mraba 2.13, kwa hiyo nunua maboksi 8. Hakikisha namba ya toleo ni moja kwenye maboksi yote, rangi zisitofautiane.

Yafikishe chumbani yakiwa yamefungwa, yalaze chali bila kugusa ukuta, uyaache saa 48. Chumba kiwe katika hali kitakayoishi: kama kiyoyozi kitakuwa kinawashwa kila siku, kiwashe. Ubao unatakiwa uumalize mwendo wake wa kwanza kabla haujafungwa kwa wenzake.

Nailoni na sponji

Nailoni iwe na unene wa mikroni 200 au zaidi. Ile ya wajenzi inayouzwa kama geji 1000 ina mikroni 250 na inafaa. Pale vipande viwili vinapokutana, kimoja kilale juu ya kingine kwa sentimita 20, kisha bandika tepu urefu wote. Pembeni ipandishe ukutani sentimita 5 hivi; utaikata mwishoni, skatingi (ule mkanda wa chini ya ukuta) ikikaribia.

Juu yake sponji ya laminati ya milimita 2 au 3. Usivutiwe na nene. Sponji ya milimita 5 inampendeza mnunuzi akiikanyaga dukani, lakini inaruhusu mbao kuzama na kufuli kufanya kazi isiyo yake. Kapeti la zamani na sponji ya godoro havina nafasi hapa. Vipande vya sponji vikutane kingo kwa kingo, visipandane. Kuna sponji zinazokuja na karatasi ya kuzuia mvuke tayari. Ukiwa na hiyo, tepu ya maungio yake ndiyo kazi muhimu, na hakuna haja ya nailoni ya pili juu yake.

Hesabu ya safu

Hapa ndipo kazi nzuri na ya kubahatisha zinapoachana. Chukua chumba kilekile cha mita 4.2 kwa 3.5, mbao zikilala kufuata urefu, ambao kwa kawaida ndio mwelekeo mzuri, hasa mwanga wa dirisha ukiingia upande huohuo.

Upana ni sentimita 350. Toa sentimita 1 kila ukuta kwa nafasi ya kutanuka, zinabaki 348. Gawanya kwa 19.3: unapata mbao 18 kamili, sentimita 347.4, na pengo la milimita 6. Huwezi kukata ubao wa milimita 6. Basi ongeza hiyo 0.6 kwenye upana wa ubao mmoja, upate 19.9, gawanya kwa mbili: safu ya kwanza na ya mwisho kila moja inakuwa na upana wa karibu sentimita 10, na katikati mbao 17 kamili. Safu ya pembeni isipungue sentimita 5.

Urefu nao: 420 toa 2 ni 418. Mbao tatu nzima ni 414, kwa hiyo ukianza na ubao mzima, mwisho utadaiwa kipande cha sentimita 4. Kipande cha mwisho wa safu kisipungue sentimita 30. Anza safu ya kwanza na kipande cha 92, fuatisha mbao mbili nzima, malizia na 50. Safu ya pili anza na 46, malizia na 96. Ya tatu anza na 100, malizia na 42. Maungio ya safu jirani yameachana zaidi ya sentimita 30, na macho hayaoni ngazi sakafuni.

Kumbuka vipande vina upande. Ukitandika kutoka kushoto kwenda kulia, kipande cha kuanzia safu lazima kiwe na kufuli lake la kulia, na cha kumalizia kiwe na la kushoto. Kwa hiyo ukikata 92 kwa ajili ya safu ya kwanza, ile 46 iliyobaki upande wa kushoto haiwezi kuanza safu ya pili; iweke pembeni, ikatwe iwe ile 42 ya mwisho wa safu ya tatu. Na ukikata 50 ya mwisho wa safu ya kwanza, kipande cha 88 kinachobaki ndicho cha kupunguza kiwe 46. Andika vipimo kwa penseli nyuma ya kila kipande.

Kutandika

Upande wenye ulimi uelekee ukutani, wenye mfereji ukuelekee wewe. Ukichana safu ya kwanza iwe na sentimita 10, unachobakiza ni upande wa mfereji. Weka kabari za milimita 10 kati ya ubao na ukuta, kila nusu mita, na miishoni pia.

Kama ukuta umepinda, na kuta zetu za plasta mara nyingi zimepinda, usiifuate pinda hiyo. Nyoosha safu ya kwanza kwa uzi, kisha pitisha penseli iliyofungwa kwenye kipande kidogo cha mbao ukutani kote ili ikuchoree umbo la ukuta juu ya ubao, ukate kwa kufuata mstari. Safu ya kwanza iliyopinda inapindisha zote zinazofuata.

Ubao wa safu ya pili uingize ulimi wake kwenye mfereji ukiwa umeinuliwa nyuzi 20 hadi 30, sukuma mbele, teremsha taratibu hadi usikie "tak". Pitisha ncha ya kidole juu ya maungio: yasikwaruze, na usione mstari wowote. Ukiona upenyo mwembamba kama unywele, usiendelee. Inua, safisha mfereji, rudia. Upenyo mmoja ukiachwa, unaongezeka kila safu. Aina nyingine za mbao hufungwa miisho kwa kugongwa. Tumia kipande cha kugongea na nyundo nyepesi, usiupige ubao wenyewe. Aina nyingine hujifunga kwa kubonyezwa tu, na hizo ukizigonga utazivunja.

Kukata: msumeno wa mkono wenye meno madogo unakata uso ukiwa juu. Msumeno mdogo wa umeme wa kwenda juu na chini unakata uso ukiwa chini, la sivyo utamenya melamini.

Safu ya mwisho haina nafasi ya kugongea, kwa hiyo tumia kile chuma cha kuvutia chenye ndoano pande mbili. Pima upana kila baada ya ubao mmoja, maana ukuta wa pili una pinda yake.

Mita 8 ni kiasi ambacho mimi nisingevuka bila kukata sakafu na kuweka ukanda wa kutenganishia. Watengenezaji wengine wanaruhusu hadi 10. Mlangoni kati ya vyumba viwili weka ukanda huo kila mara. Sebule inayoungana na sehemu ya kulia chakula kwa umbo la kona inahitaji ukanda pale zinapokutana.

Fremu ya mlango ya mbao usiizunguke kwa kukata ubao umbo la fremu. Laza kipande cha laminati juu ya sponji kando ya fremu, kitumie kama kimo, ukate chini ya fremu kwa msumeno, kisha ubao uingie chini yake. Fremu ya chuma haikatiki kirahisi: acha milimita 10, jaza kwa silikoni ya rangi inayofanana, kwa kuwa silikoni inavutika. Na mlango wenyewe uupime kabla hujaanza, maana sakafu inapanda milimita 11 hivi. Mlango wa mbao unarandwa, geti la chuma linahitaji mchomeleaji.

Bomba linalotoka sakafuni linataka tundu lenye kipenyo kinachozidi lake kwa milimita 20. Kabati la ukutani liwekwe kabla, sakafu iishie kwenye miguu yake.

Skatingi, na baada ya hapo

Toa kabari zote. Kata nailoni iliyozidi. Skatingi ya mbao ifungwe ukutani kwa skrubu au gundi, isiguse kabisa sakafu kwa gundi. Nyumba zenye skatingi ya sementi au ya vigae, hazihitaji kuvunjwa: bandika juu ya skatingi hiyo mkanda mdogo wa mbao wa robo duara, nao ufunike pengo. Kizuizi cha mlango kifungwe ukutani. Skrubu moja iliyopita sakafuni hadi kwenye zege inatosha kuifunga sakafu nzima.

Kazi ikiisha, kaa na yeyote anayefanya usafi nyumbani. Kudeki kwa kumwaga ndoo ya maji na kuyasukuma hadi mlangoni, kama tunavyodeki sementi na vigae, kutaimaliza sakafu hii. Fagia, kisha pitisha kitambaa kilichokamuliwa hadi hakidondoshi. Maji yakimwagika, yafutwe hapohapo. Bandika vipande laini chini ya miguu ya viti, na angalia bomba la maji ya kiyoyozi kama halidondoshi kwenye kona.

Ubao ukivimba baadaye, tafuta kwanza maji yalikotoka. Ukishayapata, ng'oa skatingi ya ukuta ulio karibu, fungua safu moja moja hadi ufikie ulioharibika, badilisha, rudisha. Kwa ajili ya siku hiyo weka mbao tatu nzima za toleo lilelile, zikiwa zimelala mahali pakavu. Baada ya miaka miwili mitatu rangi hiyo inaweza isiwepo tena dukani.